Ukurasa Uliobaki Mweupe

Kigali, 3 Machi 2024

Shangazi yangu Mwanaheri,

Shikamoo. Mie mzima, kile kifua kimeachia, na baridi ya huku nimeshaizoea kiasi kwamba siku nyingine natoka asubuhi bila sweta. Vipi Pugu? Ule ukuta wa uani ulioangushwa na mvua mmeshauinua? Binti yako Najma anaendeleaje na hali yake? Mwambie kaka yake anamsalimia, yeye na huyo aliyembeba. Mwinshehe naye nimemkumbuka, shemeji yangu asiyejua kukaa bila kuchomelea kitu.

Nakuandikia barua pepe kama ulivyotaka, maana nikipiga kutoka huku salio linakatika kabla hatujamaliza salamu.

Nina habari ya kukufurahisha. Ile tovuti ya Damu ya Jirani, niliyoanzisha na Herieth, yule muuguzi wa Mbezi Beach, nimeijenga upya. Kazi yake ni ileile tuliyoiwaza kwenye msiba wa baba: mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake wanaingia, wanachagua kundi la damu na eneo walipo, wanapata namba ya mratibu anayewajua watu wa jirani walio tayari kuchangia. Ila zamani ilikuwa imetengenezwa kwa kompyuta, na watu karibu wote wanaifungulia kwenye simu. Ilikuwa inabana macho. Sasa nimetengeneza ya simu, na nimeiandika yote kwa JavaScript, ile lugha inayoufanya ukurasa ujiendeshe. Ukiufungua unatambua wenyewe uko wapi, ramani inasogea, namba inatokea kama mtu kakuletea mkononi. Hapa ofisini wameiona wakapiga makofi. Nilimtumia Mwinshehe, akajibu, "Braza, hii kali."

Herieth ndiye aliyeguna. Anauliza itakuwaje kwa wenye simu za zamani. Nimemwambia hao ni wachache, na kila mwaka wanapungua.

Ramadhani njema inayokuja. Usifunge ukiwa na presha.

Mwanao,
Anwar


Pugu Kajiungeni, 14 Machi 2024

Mwanangu Anwar,

Marahaba, baba. Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Najma asikie. Mwezi umetukuta salama. Nafunga, na presha yangu nayo inafunga, tumeelewana. Ukuta umeinuka nusu. Fundi alikula kianzio akaenda msibani kwao Kisarawe, hajarudi.

Najma kavimba miguu mpaka kandambili hazimwingii. Yuko kwake Chang'ombe, anakuja huku Ijumaa. Mkunga amemwambia mwisho wa mwezi wa nne. Mwinshehe ameshachomelea kitanda cha mtoto, kizito kama geti la benki, nimemwuliza, "Huyu mtoto unataka kumfunga gerezani?" Anacheka tu.

Tovuti yako sijaiona. Hii simu niliyorithi kwa Najma ni kioo kilichopasuka na betri ya kubembeleza. Ile programu ya kutumiana ujumbe nayo imeikataa, eti simu imepitwa na wakati. Nikasema haya, mie na simu tumekuwa wa rika moja. Barua pepe ndiyo imebaki kunipokea. Lakini Mwinshehe ananisimulia kazi yako kila akija. Amemwonyesha kila mtu karakana. Anasema, "Mama, siku mtu akipata shida ya damu, mie nina pa kwenda."

Baba yako angekuwepo angeringa sana.

Shangazi yako,
Mwanaheri


Kigali, 2 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Idi njema iliyochelewa. Nilikuandikia siku ya pili ya Idi, hukujibu. Nikasema labda bando. Nikampigia Najma, simu imezimwa. Nikampigia tena wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Juzi nimempata Mwinshehe, akasema, "Wazima, kaka, mtandao mbovu," akakata. Mie nilikuwa namsikia vizuri tu.

Najma ameshajifungua? Nimemnunulia mtoto kofia ya sufu, nimechukua rangi ya njano kwa sababu sijui ni nani aliyekuja.

Huku kazi inakwenda. Tovuti imepata sifa, kuna kikundi cha Mwanza kinataka nikitengenezee kama ile.

Niandikie hata mstari mmoja.

Anwar


Pugu, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kimya. Mvua ilikata umeme, halafu nikawa na wageni, halafu mkono ukawa mzito. Ukuta wa uani umekamilika. Bamia zimeota. Flaviana, jirani yake Najma kule Chang'ombe, anakusalimia, unamkumbuka, mlikuwa mnapigania foleni ya maji.

Najma yupo hapa kwangu, anapumzika. Anakula. Mwinshehe anakuja kila akitoka kazini, anakaa mpaka giza liingie, halafu anarudi.

Nina swali, maana kuna mtu ameniuliza nami sina la kumjibu. Mtu akifungua ule ukurasa wako kwenye simu, kikatokea kiduara kikazunguka, halafu kikapotea pakabaki peupe, hiyo inakuwa ni nini? Ni simu, ni mtandao, au ni mtu mwenyewe kakosea kubonyeza? Nijibu kwa maneno ya mtu mzima, siyo ya ofisini kwenu.

Shangazi yako


Kigali, 22 Mei 2024

Shikamoo Shangazi,

Nashukuru ukuta umesimama, na bamia nazionea wivu.

Nikujibu swali. Mwambie huyo mtu hajakosea chochote. Zamani ukurasa ulikuwa unafika kwenye simu ukiwa umeshaandikwa, maneno na namba ndani yake. Huu wa sasa unafika mtupu. Nyuma yake inakuja JavaScript, yaani maagizo, na simu yenyewe ndiyo inayoyasoma na kuujenga ukurasa hapo hapo. Ndiyo maana unapendeza na unakwenda haraka. Sasa simu ikiwa ya zamani sana, ikakutana na neno moja geni katika maagizo yale, inasimama. Hairuki kwenda neno linalofuata. Inaacha kazi nzima, na mtu anaona peupe. Mtandao ukiwa dhaifu nao unaweza kuleta hayo hayo, kwa sababu maagizo ni mazito kupakua.

Lakini hayo hutokea kwa watu wachache sana. Mwambie atafute simu nyingine ajaribu tena.

Hukunijibu langu, Shangazi. Mtoto ni wa kike au wa kiume?

Anwar


Kigali, 8 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi salamu.

Hukujibu tena. Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni nikanunua simu ya mtumba inayofanana na ile ya Najma uliyonayo wewe. Nimeikumbuka kwa ile picha uliyopiga nayo mwaka juzi ikaonyesha vidole vyako tu. Nikarudi nyumbani, nikaufungua ukurasa wangu mwenyewe. Kiduara kikazunguka. Kikapotea.

Nimekaa na hiyo simu mkononi nikiwaza. Umesema kuna mtu kakuuliza. Watu unaokutana nao Pugu wote wana simu nzuri kuliko yako. Na wewe hukuwahi kuniuliza habari ya kazi yangu hata siku moja, unasubirigi nikusimulie.

Nani aliufungua ule ukurasa, Shangazi? Na alikuwa anatafuta damu ya nani?

Anwar


Pugu, 17 Juni 2024

Anwar mwanangu,

Leo ni Idi ya kuchinja. Nimepika, nimegawa, wageni wameondoka. Nimekaa uani nikuandikie kabla moyo haujabadilika.

Ilikuwa wiki ile ya baada ya Idi ndogo. Najma alikuwa kwake anafua. Akashikwa na maumivu, akainama, akaona damu. Flaviana akampeleka hospitali, akatuma mtu amwite Mwinshehe. Mwinshehe akatoka karakana mbio na masizi yake mikononi, simu akaiacha kwenye chaji. Mie nilikuwa sokoni Temeke, nikapigiwa simu, nikapitiliza hukohuko.

Daktari akatuambia kondo la nyuma limeachia kabla ya wakati, lazima apasuliwe, na damu imeshamwagika nyingi. Damu yake ni kundi O hasi. Kwenye friji yao ilikuwepo chupa moja tu ya kundi hilo. "Tafuteni watu sasa hivi," akasema. Mie si kundi hilo, Mwinshehe si kundi hilo, Flaviana hajui lake.

Mwinshehe akaninyooshea mkono. "Mama, nipe simu. Anwar ana ukurasa." Alisema kwa furaha, baba. Uso ulimfunguka kabisa.

Akafungua. Kiduara kikazunguka, kikapotea, pakabaki peupe. Akazima simu, akaiwasha. Peupe. Akatoka kwenda karibu na geti kutafuta mtandao, mie namwona dirishani ameinua simu juu kama anayeomba mvua. Peupe. Nikamfuata.

"Achana nayo, twende tukatafute watu."

"Mama, ipo. Nimeiona kwa macho yangu. Namba ziko humu ndani."

"Haifunguki, Mwinshehe."

"Itafunguka."

Alipoteza muda pale, sikutazama saa wala sitaki kujua ni kiasi gani. Angekuwa hauamini ukurasa wako, angeuacha mara moja. Mwisho nilimnyang'anya simu mkononi kama mtoto.

Hapo ndipo akazinduka. Akakimbilia kijiwe cha bodaboda nje ya geti, akapanda juu ya benchi lao, akapaza sauti, "Jamani, mke wangu anakufa! Nani ana O hasi?" Hakuna aliyejua kundi lake. Lakini waliacha pikipiki wakaja, wote, wakapanga foleni kupimwa. Mmoja tu damu yake ilikubali, mtu mzima, mwenyeji wa Bukoba, anaitwa Ansbert. Alilala pale akatoa, akaondoka bila kuomba hata soda. Najma yuko hai kwa damu ya Ansbert.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Nilimfuata daktari nikamwuliza swali unaloniuliza wewe sasa hivi, najua unaniuliza. Kama damu ingepatikana mapema, ingekuwaje? Akaniambia, "Mama, huenda alishaondoka kabla hamjafika hapa. Huenda pia hapana. Siwezi kukuapia." Hilo ndilo jibu nililopewa, nami nimekupa lote, sikupunguza wala kuongeza.

Tumemzika hapa Pugu. Mwinshehe alimpa jina. Akitaka kukutajia atakutajia mwenyewe.

Mie ndiye niliyemkataza asikuambie. Najma hajui habari ya ukurasa, alikuwa ndani. Sikukuficha kwa hasira. Nakujua tangu unatambaa. Ukivunja kikombe ulikuwa unatupa na vilivyobaki.

Kula. Lala. Niandikie.

Shangazi yako,
Mwanaheri


Pugu, 4 Agosti 2024

Anwar,

Salamu zako zipo, lakini leo nitaanza na lililonileta.

Tangu nikuandikie hujajibu. Nimesema mwache, analia, atamaliza. Jana Mwinshehe kaja hapa, kakaa pale mlangoni mpaka nikamwuliza ana nini. Akaniambia alitaka kujiandikisha awe mratibu wa Chang'ombe kwenye Damu ya Jirani. Alikwenda Mbezi Beach mpaka kwa Herieth kumwomba. Herieth akamwambia hakuna pa kumwandika, Anwar ameifunga tovuti yote. Watu wanampigia yeye mwenyewe, zamu ya kazi inamkuta na simu sikioni, na wengine hawampati.

Umeifunga? Nani kakutuma?

Nilikuficha miezi ile yote ili usifanye jambo hili hili. Unadhani unajiadhibu wewe? Wewe uko Kigali, una damu yako. Kuna watu wamekaa kwenye mabenchi hospitalini leo, simu mkononi, wanatafuta pa kupiga, na wewe umewazimia taa kwa sababu unaona haya.

Mwinshehe alimzika mwanawe, akasimama, akaenda kutafuta namna ya kusaidia wa wenzake. Mie simwelewi alipata wapi nguvu hiyo. Lakini namheshimu. Wewe nataka nikuheshimu pia.

Sikuandikii tena mpaka unijibu.

Mwanaheri


Kigali, 11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipata, na nimestahili kila neno.

Sitakueleza miezi hii ilivyokuwa. Nilikuwa nakwenda kazini, narudi. Usiniulize zaidi.

Tovuti imefunguka jana. Nimeiandika upya tangu mwanzo. Ukurasa sasa unaondoka huku ukiwa na kila kitu ndani yake: maeneo yote, makundi ya damu, na namba za waratibu, kwa maandishi ya kawaida. Ukifika kwenye simu umefika, hausubiri mtu aujenge. JavaScript bado ipo, sikuitupa, kwa sababu ina msaada wake, inamfupishia mtu kutafuta eneo lake. Lakini nimeiweka ije baadaye. Ikifika, sawa. Isipofika, au simu ikashindwa kuisoma, namba zinabaki pale pale na mtu anabonyeza na kupiga.

Nimejaribu kwa ile simu ya mtumba, nimekaa ghorofa ya chini kwenye maegesho ambapo mtandao unakuja na kupotea. Inafunguka. Haina ramani wala madoido. Bosi wangu kaiona kaniuliza kama ni ya miaka ya zamani, nikamwambia ndiyo.

Mwambie Mwinshehe sehemu ya mratibu wa Chang'ombe ipo wazi. Mie sijajua namna ya kumpigia. Na Najma naye, sijui kama umemwambia, na sijui nitasema nini akishajua.

Ukipata bando, ifungue kwa simu yako. Yako hiyo hiyo, usiazime.

Anwar


Pugu, 20 Septemba 2024

Mwanangu Anwar,

Marahaba, marahaba tena kwa zile nilizokunyima mwezi wa nane. Sie wazima. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na cha kusema. Joto limeanza. Mbuzi wa jirani kala bamia zote.

Nimeifungua. Maandishi yakaja hata sijaweka miwani vizuri. Mbaya kweli, mwanangu, kama tangazo la mnada. Nikashuka na kidole nikaona Chang'ombe, nikaona jina la Mwinshehe na namba yake. Chini yake kaandikwa Ansbert. Ndiyo, huyo huyo. Mwinshehe alikwenda kijiweni akamwomba, na wale bodaboda wengine sasa kila mmoja anajua kundi lake, wameyaandika kwenye kofia zao ngumu.

Najma nilimwambia mie. Nilimwambia kila kitu, ukurasa, kiduara, Mwinshehe getini. Aliniuliza swali moja tu: "Anwar alijua lini?" Nikamwambia mwezi wa sita. Akasema, "Peke yake kule?" Akainuka akaenda kuoga.

Sasa nikusimulie ya Jumanne. Mchana Mwinshehe alikuwa hapa, Najma anachambua mchele, simu ikaita. Nikamsikia anasema, "Ndiyo, ni mimi. Kundi gani? Mko wodi gani?" Ni mtu wa Gongo la Mboto, kaona namba kwenye ukurasa wako, mdogo wake yuko chumba cha upasuaji, anajifungua. Mwinshehe akampigia Ansbert, akaanza kuvaa viatu. Najma akaweka ungo chini.

"Nakuja."

"Ni hospitali ile ile, Najma."

"Najua ni ipi."

"Wewe huruhusiwi kuchangia bado."

"Siendi kuchangia. Kuna mtu amekaa kwenye lile benchi anatazama mlango. Nitakaa naye."

Akajifunga mtandio wakaondoka. Alikuwa hajavuka barabara ya lami tangu nimlete hapa. Mie nilibaki na mchele wake mapajani na sikuuchambua.

Walirudi jua likiwa bado lipo. Yule mgonjwa ametoka salama, yeye na mwanawe. Nilidhani Najma ataingia ndani ajifungie. Akala, akaosha vyombo, akalala usingizi wa mtu aliyechoka kwa kazi. Asubuhi akaniomba namba yako ya huko, ile ya zamani ilipotea na simu yake.

Anasema atakupigia Jumapili. Simu ya nje inakula salio, lakini Mwinshehe amemwekea. Pokea. Hata akinyamaza, usikate, na usianze kuomba radhi. Kaa naye tu mpaka salio liishe.

Shangazi yako,
Mwanaheri